Bahasha Mbili

Kazi yangu ni kufungua bahasha.
Si ya kujivunia, ila lazima kuwe na mtu:
glavu, mkasi, kalamu isiyofutika,
na dirisha linalotazama mvua ya Denimaki
ikizilowesha baiskeli za wenzangu.

Ndani huwamo jani la ngano,
limekaushwa, limelazwa kwenye karatasi
kama maiti wa heshima.
Na juu yake mistari ya kutu,
kutu isiyojua chuma wala bati la paa,
ya manjano kama manjano yenyewe ya jikoni:
hushika kidole, ikakataa kutoka.

Watu nawajua kwa mwandiko.
Nurhayat wa Kars huandika mbiombio,
herufi zimelala upande
kama shamba baada ya mvua ya mawe.
Shoghik wa Gyumri huchora kila tarakimu,
na pembeni huniandikia nisiyomuuliza:
*Shamba la mjane. Ekari mbili. Alinipa jibini.*

Kati ya Kars na Gyumri, nimepima kwa rula,
ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari bovu.
Kuna mto wenye majina mawili, moja kila ukingo.
Kuna reli iliyoota nyasi.
Kuna lango lililofungwa kabla mwanangu hajazaliwa,
naye sasa ananyoa ndevu.
Kwa hiyo jani la huku na jani la kule
hupanda ndege, huvuka bara zima,
yaje kulala kwenye jokofu langu, droo moja,
yakigusana.

Juni ile, sampuli ya Kars ilikuwa imeila
mbegu tuliyoiamini miaka tisa.
Nikapima ya Gyumri. Ile ile.
Nikaulaumu mkono wangu, nikaosha meza kwa spiriti,
nikarudia, nikarudia tena.
Pacha.

Utaratibu ni kwamba kila mtu apewe matokeo yake.
Nikaandika barua moja, majina mawili juu.
Palle, mkuu wetu, akauliza nani kanituma.
Nikamwambia: kutu.

Walikutana kwenye skrini,
mimi kisanduku cha tatu, kimya.
Mwanzoni palikuwa na adabu nzito, ya matanga,
Kiingereza cha mmoja kikikwaruzana na cha mwenzake.
Kisha Nurhayat akainua suke mbele ya kamera,
Shoghik naye akainua lake,
wakayasogeza hadi nikaona ukungu mtupu.
"Kwako ilianza lini?"
"Tarehe nane."
"Kwangu kumi na moja."
Siku tatu.
Wote wakanyamaza, wakiuhesabu upepo.

Walichogombania ni jina.
Kila mmoja alitaka kuiita kwa mlima anaouona dirishani,
mlima ule ule, nao una majina mawili.
Nikawapa namba: arobaini na mbili B.
Hakuna aliyefurahi. Ndiyo maana imedumu.

Mwaka huu bahasha zimepungua.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo hiyo ni mimi;
sikuchukia kuachwa pembeni.
Nasikia alfajiri simu hulia Gyumri,
sauti ya Kars haina hata salamu:
"Umegeuka. Unakuja kwenu.
Wanyunyize kabla ya Alhamisi."
Lango bado limefungwa.
Palle anasema tuandike ripoti juu ya ushirikiano,
kurasa kumi, zenye michoro.

Jana ikaja moja, mwandiko wa kuchorwa.
Nikavaa glavu, nikakata.
Jani la kijani. Nikaligeuza, nikaliweka chini ya taa,
nikatafuta hata nukta.
Pembeni: *Shamba la mjane. Hamna kitu.
Nimekutumia uone.*

Daftari langu halina safu ya jani zima.
Nimelisimamisha dirishani, nyuma yake mvua,
na leo nimechelewa kuanza kazi.